Pochi ya Monero inasoma sifuri na mteja anasema ametuma

Swali: Shikamoo kaka. Naishi Mikindani, kazi yangu ni kuchora nembo na mabango kwa kompyuta. Mteja wangu wa nje amenilipa kwa Monero baada ya njia nyingine za kutuma hela kumkatalia. Pochi ile yenye vitufe ilikuwa inaigandisha kompyuta yangu (RAM ni 4, diski ya zamani), kijana mmoja akanipa hii ya kuandika amri, monero-wallet-cli. Niliifungua, nikapata anwani, nikamtumia mteja. Anasema ametuma tangu juzi na ushahidi anao. Mimi nikiandika balance naona sifuri. Natumia bando la simu, na umeme ukikatika kila kitu kinazima. Je, hela imepotea? Na nikiunganisha na nodi ya mtu baki, hawezi kuichukua?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kukaa roho juu tangu juzi. Kwa maelezo uliyotoa, hela yako haijapotea. Kama anwani uliyompa mteja ilitoka kwenye pochi hiyo hiyo, na kama kweli alituma, basi hela ipo kwenye leja ya Monero (daftari la pamoja la malipo yote) na hakuna wa kuitumia isipokuwa mwenye maneno yako 25, yale ya siri uliyopewa na pochi ulipoiunda. Kinachosoma sifuri ni programu ambayo bado haijaiona leja. Swali lako la pili, la nodi ya mtu baki, ni zito kuliko la kwanza, nami nitakaa nalo zaidi.

Tazama mwanzo wa mstari unaoandikia amri. Bila shaka pana mabano yenye maneno `no daemon`, na ulipoifungua programu ilikupa onyo kwamba imeshindwa kuunganika na `localhost:18081`. Tatizo lako lote liko hapo. Monero ya kuandika amri inakuja kama programu mbili. Moja ni `monerod`, ambayo ndiyo nodi: inapakua leja yote, inaikagua na kuzungumza na nodi nyingine duniani. Nyingine ni hiyo uliyoifungua, ambayo kazi yake ni kushika funguo zako. Ikiwashwa inabisha mlango namba 18081 ndani ya kompyuta yako ikitarajia kuikuta `monerod` imewaka. Isipoikuta, haina pa kusomea chochote. Ndiyo maana anwani uliipata bila shida, kwa sababu anwani inatokana na funguo na haihitaji intaneti, lakini salio hulioni.

Utauliza kwa nini usiingie tu kwenye tovuti fulani ukaandika anwani yako ukaona kilichoingia, kama watu wa Bitcoin wanavyofanya. Monero ilianzishwa Aprili 2014 kwa kusudi kwamba jambo hilo lisiwezekane. Mteja wako alipotuma, pochi yake ilikokotoa anwani ya mara moja ambayo haifanani kabisa na ile uliyompa, na kiasi chenyewe kimefichwa pia. Kufichwa kwa kiasi kulianza mwaka 2017. Hakuna nodi yoyote inayojua malipo yapi ni yako. Pochi yako ndiyo inayopaswa kupitia malipo yote ya kila bloku (kila ukurasa wa leja) na kuyajaribu kwa ufunguo wako wa kutazama, ambao unayatambua yaliyo yako bila kuweza kuyatumia. Fikiria mkulima ameingia ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ambamo magunia yote ya korosho yanafanana, na alama ya kila gunia inaonekana kwa macho ya mwenyewe tu: hana njia ila kupita gunia kwa gunia. Bloku mpya inaingia takriban kila dakika 2, yaani 720 kwa siku. Tangu Agosti 2022 kila lipo (umoja wa malipo) hubeba kialama kidogo cha baiti moja kinachoisaidia pochi kuruka haraka mengi yasiyo yake. Kazi imepungua, haijaisha.

Nasisitiza hili kwa sababu wageni wengi wa Monero wanafanya kosa hapa. Wanaona sifuri, wanaingiwa na hofu, wanafuta pochi, wanaunda nyingine, na mwisho wanatafuta hela kwenye pochi ambayo haikutumiwa chochote. Usifute kitu.

Kabla hujaunganisha nodi yoyote, nijibu hili kwanza: programu hiyo yule kijana aliipata wapi? Kama alikupa kwenye flashi, au kwa faili iliyozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, isimamishe hapo hapo. Tarehe 18 Novemba 2019 tovuti rasmi ya Monero yenyewe, getmonero.org, iliingiliwa, na kwa muda mfupi watu waliopakua pochi ya amri ya Linux walipewa nakala iliyochezewa, iliyokuwa ikituma maneno ya siri ya mwenye pochi kwa mwizi. Iligundulika kwa sababu mtumiaji mmoja alilinganisha heshi ya faili aliyopakua (mstari wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili, ambao hubadilika faili likiguswa) na ile iliyochapishwa, akaona hazifanani. Kama tovuti rasmi iliwahi kupenywa, flashi ya mtaani ina dhamana gani?

Kwa hiyo pakua upya kutoka getmonero.org, na uhakiki faili ile ile ya zip kama ilivyoshuka, kabla hujaifungua. Kwenye Windows unaandika:

certutil -hashfile JINA-LA-FAILI.zip SHA256

Kwenye Linux ni `sha256sum` na jina la faili. Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Uulinganishe na ule ulio kwenye orodha ya heshi ya mradi, wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Orodha hiyo imetiwa saini ya GPG, yaani saini ya kidijitali, na mmoja wa watunzaji wa mradi anayejulikana kama binaryFate. Ukiweza kuhakiki na saini hiyo, fanya, maana aliyeweza kubadilisha faili kwenye tovuti anaweza pia kubadilisha orodha, ila saini hawezi kuigushi. Programu ya kulinda virusi ikipiga kelele kuhusu Monero, usiizime kwa mazoea wala usiamini kila inachosema. Heshi ikifanana na saini ikikubali, hapo una sababu ya kuiruhusu.

Na kama ile nakala ya kijana ilikuwa mbovu? Basi kurejesha maneno yako 25 kwenye programu safi hakukusaidii, kwa kuwa mwizi atakuwa anayo tayari. Unachotakiwa kufanya ni kuunda pochi mpya kabisa kwa programu safi, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine, kisha uhamishie hela huko mara tu itakapoonekana na kufunguka. Mimi ningefanya hivyo hata kwa nakala yenye shaka tu. Ada ya kuhamisha ni ndogo sana ukilinganisha na nembo ulizochora.

Sasa kuna njia ya kuthibitisha malipo hata kabla ya pochi kupitia leja, na kwa bando lako itakupa nafuu kubwa. Mwombe mteja vitu viwili: namba ya muamala, na ufunguo wa muamala huo. Yeye kwenye pochi yake ya amri anaandika `get_tx_key` ikifuatiwa na namba ya muamala. Pochi nyingine nazo zina sehemu ya kuutoa. Wewe, ukishaunganika na nodi, andika:

check_tx_key NAMBA-YA-MUAMALA UFUNGUO ANWANI-YAKO

Utaambiwa anwani yako imepokea kiasi gani na muamala umethibitishwa mara ngapi. Hapa pochi inauliza muamala mmoja tu, haipitii ghala zima. Jibu likiwa kwamba anwani yako haikupokea kitu, una hoja mkononi ya kurudi nayo kwa mteja. Picha ya skrini kutoka kwake si ushahidi. Ushahidi wa Monero ni huu, na hauhitaji mtu yeyote kumwamini mwenzake.

Twende kwenye nodi. Nikijibu ulivyouliza: hapana, mwenye nodi hawezi kuichukua hela yako. Maneno yako na ufunguo wa kutumia haviondoki kwenye kompyuta yako. Ukituma, muamala unatiwa saini kwako ndipo unapelekwa kwenye nodi ukiwa umekamilika, na nodi ikijaribu kubadilisha kiasi au mpokeaji saini inavunjika na mtandao unaukataa. Nodi haioni salio lako wala kiasi unachotuma.

Lakini kuna mambo inayaona. Inaona anwani ya IP uliyotokea, saa unazofungua pochi, na bloku uliyoanzia kusoma, ambayo inakisia pochi yako ina umri gani. Ukituma hela, inajua muamala huo ulitoka kwako kwanza. Mtu anayeendesha nodi nyingi kwa nia ya kupeleleza anaweza kukusanya haya na kuyaunganisha. Inaweza pia kukudanganya: ikakupa kadirio la ada lililopandishwa, ikakuonyesha leja iliyochelewa, au ikakataa kuupeleka muamala wako. Kila unapotuma, pochi inachanganya lipo lako na mengine 15 ya watu wengine ili ya kweli isijulikane miongoni mwa 16, na maelezo ya hayo 15 inayaomba kwenye nodi. Nodi ikikuambia muamala umekataliwa bila sababu ya kueleweka, usirudie mara tano hapo hapo. Toka, tafuta nodi nyingine. Kurudia-rudia kunampa mpelelezi kidokezo cha kuchuja lililo lako.

Walioandika programu wanalichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba wameliweka ndani ya amri yenyewe. Ukiandika `set_daemon` na anwani ya nodi ya mbali ambayo si ya Tor wala I2P (mitandao inayoficha unakotokea) na hukuitangaza kuwa unaiamini, pochi inakataa mpaka uongeze maneno `this-is-probably-a-spy-node`, yaani ukiri mwenyewe kwamba huenda hii ni nodi ya kijasusi. Nimewaona watu wanaruka hapo kwa kuandika `trusted` ili tu onyo liondoke. Usifanye hivyo. Neno hilo linaifanya pochi iiamini nodi kwa mambo ambayo isingeyafanya kwa mgeni, kwa hiyo liweke kwa nodi yako au ya mtu unayemjua tu.

Kwa hali yako ya sasa, bando la simu na kompyuta hiyo, ningetumia nodi ya umma yenye anwani ya onion, yaani anwani ya ndani ya Tor, kupitia Tor. Ukiwa umewasha Tor, unafungua pochi hivi:

monero-wallet-cli --wallet-file JINA-LA-POCHI --proxy 127.0.0.1:9050 --daemon-address ANWANI.onion:18089

Kama Tor unayotumia ni ile ya kivinjari cha Tor Browser, badala ya 9050 weka 9150 na ukiache kivinjari kikiwa wazi. Namba ya mwisho, 18089, ndiyo nodi nyingi za umma huitumia, ila fuata aliyoitaja mwenye nodi. Itakwenda polepole kuliko kuunganika moja kwa moja. Kuhusu kanuni za nchi, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo linalowataka watumiaji wa VPN wajisajili. Tor ni mfumo tofauti na VPN, lakini ukiona utategemea njia za namna hii kwa kazi yako, lisome tangazo lenyewe ujue umesimama wapi.

Siku za mbele, dawa ni nodi yenu wenyewe. Leja nzima imeshapita gigabaiti 200, na kwa chaguo la `--prune-blockchain` inabaki takriban theluthi moja tu kwenye diski. Inataka diski ya SSD. Ile diski ya zamani ya kuzunguka itaifanya kazi hiyo iwe mateso. Kwa bando la simu usijaribu. Lakini mjini Mtwara ziko ofisi na nyumba zenye faiba, na kama mko vijana watatu au wanne mnaolipwa hivi, mkichangia SSD na kompyuta moja ndogo inayowaka mahali penye faiba, kila mmoja wenu anaunganisha pochi yake huko akiwa nyumbani. Hapo neno `trusted` linapata mahali pake. Naliunga mkono wazo hili kwa moyo wote kwa watu wa kusini, maana mwezi Mei 2024 hitilafu za nyaya za baharini ziliilemaza intaneti ya nchi, na aliyekuwa amezoea kutegemea huduma ya mbali kwa kila kitu alikwama kwa kila kitu.

Ukishaunganika, andika `status`. Itakuonyesha namba mbili: bloku uliyofikia na bloku ya mwisho iliyopo. Kisha `refresh`, na pochi itaanza kupita. Angalia imeanzia wapi. Pochi iliyoundwa bila nodi hukadiria bloku ya kuanzia kwa kutazama saa ya kompyuta, na hujirudisha nyuma kidogo kwa usalama. Kwenye kompyuta za zamani ambazo betri ndogo ya saa imekufa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Pochi ikiundwa siku hiyo, itaanza kupitia leja tangu enzi hizo, na bando lako litaisha kabla haijafika karibu na juzi. Nashuku sana hali hii kwako. Mwulize mteja muamala wake uliingia kwenye bloku namba ngapi, ondoa 720 uwe umerudi siku moja nyuma, kisha andika:

set refresh-from-block-height NAMBA

halafu `rescan_bc` ili ianze upya kutoka hapo. Amri hiyo ya pili ikiongezewa neno `hard` inaweza kufuta kumbukumbu ulizonazo za miamala uliyotuma, kwa hiyo neno hilo usiliongeze.

Umeme nao. Pochi inahifadhi ilipofikia ukitoka vizuri kwa `exit`. Umeme ukikatika katikati, kazi ya tangu ulipohifadhi mara ya mwisho inaweza kupotea, na megabaiti zake nazo zimekwenda. Hela haiguswi. Unaweza kuisimamisha `refresh` kwa Ctrl na C, ukaandika `save`, ukaendelea. Fanya hivyo kila baada ya muda ukiona mawingu au ukijua umeme wa siku hiyo hautabiriki. Na ukitaka pochi isile bando yenyewe kila unapoiacha wazi, weka `set auto-refresh 0`, halafu wewe ndiye unaamua lini.

Ikimaliza, `balance` itatoa namba mbili, salio lote na salio lililofunguka. Hela iliyoingia hufungwa kwa bloku 10, takriban dakika 20. Kwa malipo ya juzi utaikuta imefunguka. Utakutana na kufungwa huku ukianza kutuma: kama ulipokea lipo moja tu kisha ukatuma sehemu ndogo, chenji yote inafungwa dakika 20 na salio la kutumia linaweza kusoma sifuri kwa muda huo. Usitaharuki.

Kutuma kwenyewe ni `transfer ANWANI KIASI`. Sehemu za desimali zitenganishwe kwa nukta, si mkato. Pochi itakuonyesha ada na kukuuliza kama ni sawa. Soma ada kabla hujakubali, kwa sababu niliyokutajia ya nodi mwongo. Anwani kuu ina herufi 95 na huanza na 4. Anwani ndogo huanza na 8. Kuna virusi vinavyokaa kimya vikibadilisha anwani unapoinakili na kuibandika, kwa hiyo linganisha mwanzo, katikati na mwisho. Ukitaka kujizoeza kwanza bila kuogopa, fungua pochi nyingine kwa `--stagenet`, ambako sarafu hazina thamani na anwani kuu huanza na 5. Malipo yanayofuata mpe kila mteja anwani yake kwa `address new` na jina la kazi, ili wateja wawili wakikutana wasigundue wanamlipa mtu mmoja.

Kuhusu maneno 25. Yale ndiyo pochi. Nywila uliyoweka inalinda tu faili lenye mwisho wa `.keys` kwenye kompyuta hiyo. Mwenye maneno haihitaji. Kompyuta ikifa leo, ikiibiwa, ikilowa, ukiwa na maneno unaandika `--restore-deterministic-wallet` kwenye kompyuta nyingine, unaweka bloku au tarehe ya kuanzia, na kila kitu kinarudi. Ukiwa na kompyuta nzima bila maneno, uko hatarini kila siku. Yaandike kwa mkono, kwa penseli au kalamu isiyofifia, kwenye nakala mbili zinazokaa nyumba mbili. Huku pwani unyevu na mchwa vinamaliza karatasi, kwa hiyo iweke ndani ya chupa au kopo linalofunga vizuri, juu ya sakafu na mbali na ukuta wa udongo. Usiipeleke steshenari kutoa kopi wala kuilaminisha, maana mashine za kopi za siku hizi nyingi zina kumbukumbu ndani, na macho ya wateja wengine yapo pale pale. Usiyapige picha; simu nyingi zinapandisha picha mtandaoni zenyewe. Kiswahili hakimo katika lugha za orodha ya maneno ya Monero, kwa hiyo yaandike herufi kwa herufi kama yalivyo, kwa mpangilio wake, wala usijaribu kuyatafsiri ili uyakumbuke. Neno la 25 ni la ukaguzi, linaisaidia pochi kugundua ukikosea kuandika mengine.

Hukuuliza kuhusu sheria, ila nakuambia kwa kifupi. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu za aina hii hazitambuliki kama fedha halali nchini na ikaonya watu wasizitumie. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa teknolojia hii, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Tangazo la 2019 lichukulie kwa uzito, na ukipokea mara kwa mara muone mshauri wa kodi. Usiri wa Monero haukuzuii kutunza hesabu: amri ya `export_transfers` inakutolea jedwali la kilichoingia na kilichotoka, nawe unaamua umwonyeshe nani. Mimi naona hiyo ndiyo thamani yake kwa mtu wa mji mdogo. Mwezi wa korosho ukifika, kila mtu anajua nani kalipwa na takriban kiasi gani, na wezi wanajua pia. Mchoraji anayelipwa na mteja wa mbali hastahili mteja huyo aone akiba yake yote kwa kutazama anwani tu.

Kuibadilisha iwe shilingi ni kugumu kuliko zamani. Binance iliiondoa Monero tarehe 20 Februari 2024, na masoko mengine makubwa yamefanya vivyo hivyo. Watu wanabaki kuuziana wao kwa wao, na huko ndiko matapeli waliko. Ukiuza kwa mtu, usitoe Monero kwa kuona ujumbe wa muamala wa hela ya simu, ujumbe unagushiwa. Ingia kwenye menyu uangalie salio lako, na jina la aliyetuma lilingane na mtu mnayezungumza naye. Ukishatuma Monero hakuna wa kumpigia simu airudishe.

Fanya haya kwa mpangilio: programu safi, nodi, `check_tx_key`, bloku ya kuanzia, `refresh`. Ukimaliza na bado inasoma sifuri, niandikie ukiambatanisha mstari unaotolewa na `status`, jibu la `check_tx_key`, na herufi tano za mwanzo za anwani uliyompa mteja pamoja na tano za mwanzo za ile inayoonekana ukiandika `address`. Hayo yananitosha kujua tatizo liko wapi. Maneno 25 usinitumie, wala mtu mwingine yeyote atakayekuambia anayahitaji ili akusaidie.